Tiyo ya Mukwe

"Mama Florentine, kama tiyo zote za maji zinashuka, ile moja inayopanda juu ya nyumba inaenda kutafuta nini?"

Swali hilo jirani yake Mama Plamedie aliliuliza zamani, kule Pweto, akiwa amesimama na ndoo kichwani, wakati Papa Chris, mume wa Florentine, alikuwa juu ya bati akimalizia bafu ya mwalimu mukuu. Papa Chris alicheka mpaka nyundo ikamuponyoka. Akamujibu toka huko juu kwamba ile ni mukwe. Inakaa nyumba moja na zingine lakini haigusi maji yao, sawa vile mukwe mwenye adabu hali sahani moja na mama-mukwe wake. Inasimama kando, inapumua, inatokea juu. Ukiifukuza, nyumba yote inakosa heshima.

Toka siku ile, katika lupango la Papa Chris, ndani ya ua wake wote, tiyo ya kupitisha hewa haikuitwa kwa jina lingine. Wanafunzi wake wawili, Albert na Pitchou, walijua jina lile kabla hawajajua kushika musumeno. Walivuka nalo ziwa, wakafika nalo upande wa Zambia, na Papa Chris alipozikwa Nchelenge, miaka tatu iliyopita, Albert akishika jeneza upande wa kichwa, jina lilibaki kwao. Nje ya lupango lile Florentine hakulisikia kwa kinywa cha mutu yeyote.

Mpaka ijumaa hii, saa mbili ya asubuhi, ndani ya barua mezani kwa Inspekta Kasonde.

Kasonde alikuwa mutu wa Kashikishi, mutoto wa muuza chisense, wale samaki wadogo wa ziwa. Alijua Kiswahili cha kupunguza bei ya samaki, basi. Kilichozidi hapo alimuita Florentine, mufasiri wa polisi, ambaye siku ya kuchukuliwa kazi aliapa na Biblia mukononi kwamba hataongeza neno wala kupunguza. Wao wawili walizungumza Kibemba.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, imechapwa na mashine, haina jina. Ilisukumwa chini ya mulango wa polisi siku ya jumatatu. Ilisema Pitchou, mukimbizi wa kambi ya Mantapala, aliyejenga bafu ya lavabo mbili, beseni za kunawia, katika nyumba ya wageni ya Ba Davies, alikuwa mudanganyifu. Alipewa vyombo vyote. Aliweka tiyo za kushusha maji, lakini bomba la mukwe hakuliweka. Kasonde alimufunga siku ile ile, kwa wizi.

"Bamayo, nina siku ine namutafuta huyu mukwe," alisema Kasonde. "Davies ana mabinti wawili. Mudogo hajaolewa. Mume wa mukubwa yuko Ndola, nimemupigia simu mara mbili. Anasema hajapata kuwa na bomba. Sasa amekasirikia baba-mukwe wake, na baba-mukwe amenikasirikia mimi."

Florentine alisoma musitari ule mara ya pili, kidole chini ya kila neno.

"Si mutu," alisema. "Ni jina la tiyo. Ile ya hewa."

"Jina la wapi? Nani anaiita hivyo?"

Florentine alikunja barua akairudisha mahali pake. "Kwanza nione hiyo bafu, mukwai."

Halikuwa neno la uongo. Halikuwa jibu pia. Kasonde alitazama saa ya ukutani, akamukumbusha mambo yalivyopangwa. Saa ine mutu wa ofisi ya kambi angefika kuchukua karatasi ya Pitchou, ile inayomuruhusu kutoka Mantapala kufanya kazi. Saa sita gari ingemupeleka gerezani Mansa. Gari unaweza kuirudisha njiani. Karatasi ikishachukuliwa, kupata ingine ni miezi, na wengine hawakuipata kamwe.

"Tutarudi mbele ya saa ine," Florentine alisema.

Walipopita kwenye selo Pitchou alisimama na kuchukua shati lake, akifikiri wamekuja kumutoa. Florentine alimupungia mukono akaendelea na njia.

Ba Davies aliwapokea mulangoni na malalamiko yaliyokuwa tayari yamepangwa. Bafu ile aliiona kwanza kwenye picha, akaipenda: kabati moja refu, lavabo mbili, ili mume na muke wasigombanie maji asubuhi. Hakuna nyumba ingine Nchelenge iliyokuwa nayo. Walimu waliokuja kwa semina walilala siku moja wakahama, wakisema chumba kinanuka kuliko bandari. Na sasa wauza samaki wa Kashikishi, watu wanaonuka samaki mpaka kwenye nywele, walimucheka yeye.

Florentine aliingia, akafungua kabati, akapiga magoti. Chini ya kila lavabo kulikuwa na sifon yake, lile goti la tiyo linalobakiza maji kidogo tumboni. Sifon zote mbili ziliingia ukutani kwa kimo kimoja. Alipitisha kidole kwenye maungio. Kazi safi, gundi haikutiririka.

Aliziba lavabo ya kuume, akaijaza mpaka juu. Ya kushoto aliiacha wazi, akamwaga ndani yake kikombe kimoja tu, ili tumbo la sifon lijae. Akamwomba Kasonde ainame asikilize. Halafu akachomoa kizibo.

Maji ya kuume yalishuka kwa nguvu. Lavabo ya kushoto, ambayo hakuna mutu aliyeigusa, ilianza kukoroma, glu glu glu, kama muzee anayemalizia uji. Ikanyamaza. Kisha harufu ya shimo la choo ikapanda taratibu mpaka Davies akafunika pua na kofia.

Florentine alimweleza Kasonde jambo lile kama Papa Chris alivyomweleza yeye. Maji yaliyo katika sifon ni mulango. Yakiwa pale, harufu haipiti. Lakini maji yanayoshuka yanavuta hewa nyuma yao. Yasipoipata toka juu, kwa ile tiyo inayotoka batini, yanaivuta kwa jirani, yanakunywa na maji yake. Mulango wa jirani unabaki wazi.

"Basi barua ni ya kweli," Kasonde alisema. "Hakuweka."

"Ni ya kweli leo. Mimi nauliza juu ya mwezi wa pili, alipomaliza kazi."

Akamugeukia Davies, akamuuliza harufu ilianza lini. Davies alisema toka mwanzo. Florentine akauliza kama siku ya Pasaka vyumba vilikuwa na watu. Vilijaa. Nani alilalamika? Davies alikuna kidevu. Hakuna. Akafikiri tena, akasema harufu waliikuta waliporudi kutoka Puta kwenye kilio cha shangazi yake, wiki mbili baada ya Pasaka. Nyumba ilifungwa siku sita. Na mulango mudogo wa kupanda kwenye plafo, juu ya dari? Uko kwa baraza ya nyuma, Davies alisema. Hauna kufuli, nani angetaka kuiba popo.

Kasonde alipanda na tochi. Florentine alibaki chini, na kitabu chake.

"Unaona nini?"

"Bomba inatoka ndani ya ukuta, inafika kwenye goti langu. Ingine inaning'inia toka batini. Katikati hakuna kitu. Urefu wa mukono."

"Ile ya chini, kwenye mwisho wake, iko na gundi ao imekatwa?"

"Imekatwa. Na musumeno."

"Tazama mbao chini yake. Kuna nini?"

"Mavi ya popo, Bamayo. Mengi."

"Na juu ya mavi?"

Kasonde alisogeza tochi. "Unga mweupe. Wa plastiki."

"Uko juu yao, ao wao wako juu yake?"

"Uko juu."

Florentine aliandika. Kama tiyo ingekatwa mwezi wa pili, popo wangekuwa wamefunika unga ule kwa miezi mbili. Tiyo iliwekwa nzima, ikapumua nzima, kisha mutu akapanda akaikata. Kasonde alielewa bila kufasiriwa. Davies alisema basi ni mwizi, siku hizi wanaiba hata bomba.

"Ba Kasonde, ingiza kidole ndani ya ile ya chini."

"Hakiingii. Kuna kitu kimeziba."

Alivuta, akatukana kidogo, akaomba samahani, akavuta tena. Chini, ndani ya bafu, lavabo ya kushoto ilitoa pumzi ndefu. Kasonde alinyoosha mukono kutoka kwenye plafo, akamupa Florentine gunzi la mahindi lililofungwa kwa mupira wa baiskeli.

"Mwizi anachukua anakwenda," Florentine alisema, polepole, kwa sababu alitaka kusikia kama maneno yenyewe yanasimama. "Haketi kuziba. Na kama hakuziba, tiyo ingevuta hewa ya plafo, lavabo zingenyamaza mwaka muzima. Aliyeziba anajua namna lavabo inapumua. Hakuhitaji tiyo. Alihitaji harufu."

Kasonde alishuka, akapiga simu kwa walinzi wa kambi. Walifungua kitabu cha mulangoni, wakamusomea. Wiki ile ya kilio Pitchou hakutoka Mantapala hata siku moja. Muke wake Keren alikuwa amejifungua.

Florentine aligeuza gunzi mukononi. Mupira ulianza upande mwembamba, ukazungushwa, na ncha yake ikafichwa chini ya muzunguko wa tatu. Kule Pweto, gundi ilipokosekana, Papa Chris aliziba hivyo. Aliutambua muzunguko ule kama mutu anavyotambua mwandiko.

Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Turudi polisi?" Kasonde aliuliza.

"Hapana. Kuna mutu mwingine wa kuuliza kwanza. Aliyechapa barua."

Mashine za kuchapa barua Kashikishi ziko mbili, na moja ilikuwa imekufa toka krismasi. Ya pili ilikuwa ya Thelma, msichana mwenye kibanda nyuma ya soko la samaki. Aliikumbuka barua mara moja, kwa sababu ilimusumbua. Aliyeileta alisema Kiswahili, akatamka, yeye akageuza Kiingereza. Alipofika kwenye mukwe alimuuliza, mukwe wa nani? Yule mutu alicheka, akasema andika vile vile ninavyosema.

Florentine alimuuliza kama alikuwa mwanamuke. Alikuwa mwanaume. Alikuwa muzungu? Thelma alimutazama Kasonde, kama kumuuliza huyu mama anasumbuliwa na nini. Alikuwa na ndevu? Alikuwa kilema? Labda muzee sana? Thelma alisema yeye hatazami watu, anatazama mashine. Foleni ilikuwa ndefu na chisense ilikuwa inanyeshewa nje.

"Hakuna kingine?" aliuliza Kasonde.

"Aliniomba nimusomee yote mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza, akasema Amina."

Kasonde alicheka. Florentine alifunga kitabu chake, akakifungua tena, akaandika neno lile.

Nje, kati ya mafungu ya samaki, ndipo alimujibu swali la asubuhi. Alisema upande huu wa ziwa watu wanaoiita tiyo ile mukwe ni watatu tu, ukiacha yeye mwenyewe. Mumoja walimuzika. Mumoja yuko ndani ya selo, naye hawezi kujishitaki mwenyewe kwa barua.

"Na wa tatu?"

"Leo yuko kazini kwa masista. Ni shemasi wa kanisa letu."

Masista walikuwa wanajenga nyumba ya wamama wanaongojea kuzaa, na chumba cha kuogea chenye lavabo sita kwa musitari. Kazi ile walikuwa wamemuahidi Pitchou, kwa sifa ya bafu ya Davies. Siku ya jumatano walimuita Albert. Florentine na Kasonde walimukuta amepiga magoti mbele ya ukuta, penseli sikioni, akipima. Alimwona Florentine, akafuta mikono, akamusalimia kwa kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Umekuja kuona kazi ya mutoto wako?"

Florentine hakukataa neno hilo. Albert alikula kwake miaka kenda kama mwanafunzi, na kila siku ya Mungu toka Papa Chris afe. Siku ile walipomufunga Pitchou, alifika kwake kabla ya watu wote, akapiga magoti sebuleni, akamuombea mufungwa kwa machozi.

Kasonde aliuliza, Florentine akafasiri. Je, anaijua nyumba ya Davies? Anaijua kwa nje, njiani. Hajaingia hata siku moja. Barua? Ameisikia kanisani kama watu wote, hata hajui imesema nini. Sauti yake ilikuwa ya mutu anayesoma zaburi. Florentine alirudisha kila jibu kwa Kibemba, bila kuongeza, bila kupunguza. Halafu Kasonde, ambaye hakuwa mujinga, aliacha mambo ya barua akauliza ya kazi. Sisi polisi hatujui mabomba, alisema. Wewe ni fundi. Pitchou alikosea wapi?

Albert alipumua. Swali lilikuwa jepesi. Alichukua penseli, akachora ukutani.

"Bon. Lavabo ni mbili, sifon mbili, zote zinaingia kwa musalaba mumoja, hapa. Tiyo ya kushuka iko muzuri, siwezi kumusema mubaya, kazi yake ni safi. Paka mukwe tu njo hakuweka."

Mahali fulani nyuma ya ukuta mashine ya kuchanganya simenti ilizunguka. Kasonde, ambaye alikuwa amemutafuta mukwe yule siku ine, hakungoja kufasiriwa, alikwisha kuandika. Lakini sheria ni sheria.

"Fasiri, Bamayo."

Florentine alifasiri. Lavabo mbili, sifon mbili, musalaba mumoja ndani ya ukuta wa nyumba ambayo msemaji hajaingia. Alipofika kwenye mukwe aliliacha neno kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kibemba halikuwa na maana ile. Kisha akatoa gunzi katika mufuko wake, akaliweka juu ya gunia la simenti.

Albert alilitazama. Penseli ilibaki mukononi.

"Ulizungusha vizuri," Florentine alisema. "Baba angekusifu."

"Mama, sanduku ulimupa yeye." Hakupandisha sauti. "Mi nilibeba sanduku ya vyombo ya Baba miaka kenda. Pitchou alikuya nyuma yangu, miaka tatu tu. Mais siku ya matanga uliita jina lake, mbele ya batu yote."

"Wewe ulikuwa tayari na vyombo vyako."

"Haikukuwa ju ya vyombo."

"Najua sasa."

"Masista walipomuita tena yeye, nikasema, wacha anuke kidogo. Wiki mbili tu. Sikusema afungwe, mama. Nilifikiri watamufukuza kazi, basi."

Kasonde aliuliza anasema nini. Florentine alimupa yote, pamoja na lile la sanduku, pamoja na jina lake yeye mwenyewe ndani yake. Halafu akamuuliza Albert kitu kimoja ambacho hakikuwa cha polisi.

"Na ile siku ulikuja kulia kwangu?"

"Nililia kweli."

Kasonde alinyanyua macho. "Anasema nini?"

"Anasema alilia kweli."

Walifika polisi saa sita kasoro dakika ishirini. Gari ya Mansa ilikuwa imesimama uani, dereva akila muwa. Kasonde alimuambia azime mashine. Albert aliketi kwenye benchi, mikono kati ya magoti, penseli imerudi sikioni, akingoja kuandikwa. Askari akafungua selo.

Pitchou alitoka akikaza macho kwa mwanga. Kasonde alimueleza, Florentine akafasiri: tiyo uliiweka, imekatwa nyuma yako, hakuna wizi, uko huru. Pitchou alisikiliza mpaka mwisho. Alimutazama Albert pale kwenye benchi, akatazama gunzi mezani, mupira umezungushwa mara tatu na ncha imefichwa. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Saa ine walichukua karatasi yangu," alisema, si kwa kulalamika, kama mutu anayetoa habari ya nyumbani.

Kasonde alisema ataandika barua ofisini yeye mwenyewe, leo leo. Hakusema itajibiwa lini. Albert alianza kusema ndugu yangu, neno likakatika katikati, na Florentine hakujua kama anapaswa kufasiri nusu ya neno.

Askari aliweka sanduku ya vyombo mezani, ile ya Papa Chris, ya mbao, na kamba mahali pa mukono. Pitchou alitia kidole kwenye kitabu cha polisi. Kisha akamugeukia Florentine.

"Mama, ulijua toka saa ngapi?"

Kasonde alimutazama mufasiri wake. Florentine alikuwa ameshika kitabu kifuani kwa mikono miwili, kama siku ile ya kiapo.

"Saa mbili."

"Na saa zote hizi ulikuwa unatafuta nini?"

Alikuwa na majibu mengine. Alikuwa na unga mweupe, na kitabu cha mulangoni, na Amina ya Kashikishi, vyote vimeandikwa kwa saa zake.

"Mutu mwingine, asiyekuwa Albert," alisema.

Pitchou alitikisa kichwa polepole, mara moja. Aliinua sanduku, akaiweka begani, akapita mbele ya benchi bila kugeuka, akainama kidogo ili kona ya sanduku isigonge mulango, akatoka.